Bai wa Raundi ya Kwanza

Kwenye mashindano ya tenisi, wachezaji wakiwa witiri, mmoja hukosa mpinzani. Huyo huvushwa hadi raundi ya pili bila kutoa jasho, na bahati yake hiyo huitwa bai. Wenye dini hushukuru, wasio na dini hununua soda.

Katika klabu moja ya kisiwani Mombasa, ambayo jina lake naliacha kwa kuwa kamati yake ina mawakili wengi na kesi chache, bai ni mtu. Ana miguu, ana raketi, ana duka la kanga Biashara Street. Jina lake Imtiaz, na kwa vile babu yake alikuja kutoka Kachi, Uhindini, watu humwita Imtiaz Bhai, yaani ndugu, kama wanavyoitwa wenziwe wote. Midomoni mwetu, Bhai na bai ni kitu kimoja. Basi ratiba ikibandikwa ubaoni, aliyepangwa na Imtiaz hugeuka akasema, "Mimi nimepata bai," na wote wakacheka, na Imtiaz akacheka nao, kwa sababu mtu akichekwa na yeye asicheke huonekana ameelewa.

Mashindano ya klabu ya kila mwaka alianza kuyacheza tangu nywele zake zikiwa nyeusi kwa hiari yao wenyewe. Hakuwahi kushinda. Sisemi fainali, sisemi nusu fainali, nasema mechi. Alishindwa na daktari wa meno. Alishindwa na mtu mwenye homa. Mwaka mmoja alishindwa na baharia wa Kifilipino aliyekuwa akingoja meli yake ipakuliwe, akaazima raketi na viatu, akashinda, akarudisha viatu, akaenda zake baharini bila kujua alikuwa kwenye mashindano.

Cha kushangaza, mchezo wake si mbaya kuutazama. Mkono wake laini, mpira wake hutoka umenyooka kama kanga iliyopigwa pasi. Ukimwona akijipasha moto utasema huyu ni bingwa amejificha. Halafu mechi huanza.

Kabla hatujafika huko, tuelewane juu ya neno moja.

Mashindano yetu hayana refa. Kila mchezaji ni hakimu wa upande wake: mpira wa mwenzake ukitua nje ya mstari, ni yeye wa kusema, na neno lake halipingwi. Kwingine duniani husema "Nje!" kwa sauti. Wazee wa klabu waliona hilo ni neno la kufukuzia paka. Utamwambiaje mtu mzima mwenye wajukuu, "Nje!" na jioni mtasimama safu moja msikitini? Wakaweka adabu yao. Mpira ukitoka, husema "Karibu," yaani ulikaribia, ndugu yangu, ni bahati tu. Hata mpira ulioruka ukuta ukaenda kugonga gari la mtu huko barabarani huambiwa karibu. Ukiwa ndani, mtu hunyamaza akacheza. Kuna mgeni kutoka Nairobi aliyeambiwa karibu akajibu, "Asante sana," akaja mpaka kwenye neti kupeana mkono. Alidhani mechi imekwisha na sisi ni watu wakarimu.

Sasa, mwaka huu kamati ilikutana, biriani ikaliwa, na baada ya biriani ikaamuliwa kwamba kiwanja cha tenisi kivunjwe kijengwe cha padeli. Padeli, kwa asiyeijua, ni tenisi iliyofungiwa ndani ya kabati la vioo ili wenye vitambi wasipotee. Vijana ndio wanaoitaka, ilisema kamati, ambayo kijana wake ana miaka sitini. Mashindano ya Agosti yangekuwa ya mwisho.

Imtiaz aliipeleka habari nyumbani kama mtu aliyefiwa.

"Rukhsana," alimwambia mkewe, "wakivunja kile kiwanja nitakufa bai."

"Utakufa bai vyovyote, Baba Lubaba," alisema Rukhsana, akipepeta mchele. "Kwani wataka kufa mzungu?"

"Si bai hiyo. Bai ile ya klabuni. Nataka kushinda mechi moja. Moja tu. Nikishinda, na wavunje, wapande mchicha."

Rukhsana alimtazama. Katika maisha ya ndoa alishamwona mumewe akitaka vitu vingi, lakini vyote vilikuwa vya kula.

"Basi tafuta mwalimu," alisema.

Mwalimu alikuwa Dishon. Dishon alitoka bara, akahudhuria semina ya ukocha, akarudi na cheti alichokifunika plastiki ili jasho lisikifute. Mengine alijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ndiyo maana hata maelezo yake yalikuwa na nyufa. Lakini alikuwa na subira, na asiye na subira hawezi kumfundisha Imtiaz zaidi ya dakika kumi.

Alianza na mshiko. Imtiaz alikuwa akishika raketi kama anavyoshika mkasi wa kukatia doti, kidole gumba juu, tayari kuchana kitambaa. Dishon akamgeuzia mkono. Kwa wiki nzima Imtiaz akawa hawezi kupiga tenisi wala kukata kanga, na Biashara Street kuna wanawake mpaka leo wana kanga zilizokwenda mshazari. Halafu miguu.

"Mzee, kabla mwenzako hajapiga, unaruka kidogo. Kidogo tu. Unakuwa tayari."

"Nikiruka, nani atanishusha?"

"Utashuka mwenyewe, Mzee."

Akaruka. Akashuka. Goti likatoa sauti, wakaahirisha miguu.

Wiki ya pili ndipo Dishon alipougundua ugonjwa wenyewe. Alikuwa amesimama upande wa pili akirudisha mipira, akahisi hajatembea hata hatua. Kila mpira ulimjia pale alipo, kifuani, kwenye kimo kizuri, kama chai iliyoletwa kwenye sinia.

"Mzee," alisema, "mbona unanipea?"

"Nakupa nini?"

"Mpira! Unanipea kwa mkono. Mimi nimesimama hapa, wewe unaniletea hapa hapa."

"Na nikupelekee wapi?"

"Mahali siko!"

Imtiaz akalifikiria jambo hilo kwa unyofu kabisa. "Sasa kama hauko, ataupokea nani?"

Dishon alikaa chini juu ya zege.

Msimlaumu Imtiaz. Tangu akiwa na umri wa kufikia rafu, kazi ya mkono ule ilikuwa moja: kuivuta doti ya kanga kutoka juu, kuirusha hewani ikifunguka, na kuitua mbele ya mteja, palepale, mteja asinyooshe hata kidole. Huo ndio ufundi. Baba yake alikuwa akimpiga kofi ikianguka pembeni. Leo mtu wa cheti cha plastiki anamwambia amtupie mteja mahali asipokuwepo. Hata shetani hajawahi kumshawishi mfanyabiashara hivyo.

Dawa aliyoipata Dishon ilikuwa kutandika shabaha. Akamwagiza alete kanga mbili, akazilaza kwenye pembe mbili za nyuma za kiwanja. "Gonga kanga, Mzee. Usiangalie mtu. Angalia kanga." Moja ilikuwa imeandikwa NIMEKUPA MKONO WATAKA NA BEGA, maneno ambayo kwa mgonjwa wa tenisi ni ripoti ya daktari. Imtiaz akapiga. Ukapita shibiri moja kushoto. Akapiga tena, shibiri moja kulia. Alasiri nzima mipira ilianguka kuizunguka ile kanga kama inzi wanaoheshimu chakula. Dishon akaanza kushuku.

"Mzee, unakosa kwa makusudi."

"Ile ni mali mpya," alisema Imtiaz. "Mpira una vumbi."

Dishon akavua fulana yake mwenyewe akaitandika pembeni. Imtiaz akaigonga mara nne mfululizo.

Hapo ndipo matumaini yalipoingia, na hapo ndipo ningewashauri nyinyi mfunge ukurasa mwende zenu.

Ratiba ilipobandikwa, Imtiaz alipangwa na Muhdhar. Muhdhar ni mtu wa Mji wa Kale, ana malori Shimanzi, na yeye mwenyewe hucheza kama lori: hageuki upesi, lakini akishafika mahali hakuna wa kupita. Hakimbii. Hushinda kwa salamu. Mwenzake akiinua mpira kusevu, Muhdhar humwamkia. Akiinua yeye, humuuliza habari za wazee. Na kwa watu wetu salamu si upepo. Lazima ijibiwe, na kwa ukamilifu, na ukishamaliza kujibu mpira ushapita.

"Alhamdulillahi," alisema Muhdhar mbele ya ubao, akiwageukia wenziwe. "Bai! Raundi ya pili yuko nani? Niambieni nianze kujitayarisha."

Imtiaz alikuwa nyuma yake. Akacheka.

"Ah, Imtiaz Bhai! Upo? Usinielewe vibaya, yakhe. Natania."

"Najua, Muhdhar. Natania pia," alisema Imtiaz, ambaye hakuwa amesema lolote.

Dishon akapanga mkakati, na ulikuwa mkakati mzuri, siwezi kumnyima. Muhdhar hapendi kwenda mbele kwa sababu tumbo hufika kwanza likamziba asione chini. Basi umpigie mfupi, kampira kanakodondoka mara tu kakivuka neti. Atakokota mwili mpaka mbele. Akishafika, umpigie mrefu, juu ya kichwa, mahali hayuko. Mfupi, mrefu. Mfupi, mrefu. Imtiaz aliyakariri maneno hayo mpaka dukani, mteja akiuliza bei ya dera anajibiwa, "Mfupi," akiuliza lingine, "Mrefu."

"Na akikusalimia," alisema Dishon, "usijibu."

"Haiwezekani. Salamu ni wajibu kujibu."

"Jibu kwa kichwa, basi. Hivi." Akatikisa kichwa.

Imtiaz akajizoeza kutikisa kichwa. Rukhsana alimsalimia asubuhi akamjibu kwa kichwa, akakosa chai.

Hivyo Dishon alitengeneza mshiko, miguu, bega, sevu, shabaha na salamu. Mbodze hakumfikiria.

Mbodze ni mama anayetuletea viazi karai na chai ya tangawizi alasiri, ndoo mkononi, birika kichwani. Pale kiwanjani hakuna mlango wa maana. Kuna uzio wa waya na pengo. Lakini Mbodze hapiti popote bila hodi, hata kwenye pengo. Wachezaji wengine walishazoea, hawamjibu. Imtiaz peke yake ndiye aliyekuwa akimjibu, siku zote, awe amekaa, awe anakimbia, awe ana maji mdomoni. Mtu aliyelelewa dukani akisikia hodi asiseme karibu, huyo ama amekufa ama amefunga duka.

Siku ilifika, Jumamosi baada ya alasiri. Rukhsana alikuja kutazama kwa mara ya kwanza maishani, akakaa kwenye benchi na mwavuli, uso wa mtu aliyesindikiza mgonjwa. Wengine walikuwa barazani kwenye ukwaju wao. Mechi ya bai haina watazamaji.

Seti ya kwanza ilikwenda kama zote. Imtiaz aliinua mpira kusevu.

"Masalkheri, Imtiaz Bhai!"

"Masalkheri, akheri," alijibu Imtiaz, na mpira ukamwangukia kichwani.

"Shemeji hajambo? Namwona pale. Na Lubaba huko aliko, hajambo? Mtoto wake ashaota meno?"

"Hajambo, ashaota mawili, alhamdulillahi..." Pointi.

Wakabadilishana pande. Dishon alikuwa ameng'ang'ania uzio kwa vidole vyote. "Kichwa, Mzee! Tumia kichwa!"

Seti ya pili Imtiaz akatumia kichwa. Muhdhar akamwamkia, akatikisa. Muhdhar akauliza habari za marehemu baba yake, akatikisa. Halafu akampigia mfupi. Muhdhar akautazama kama mtu aliyeletewa bili si yake. Akapigiwa mwingine. Ikabidi aende. Tumbo likatangulia, yeye akafuata, akaufikia akihema, akaurudisha. Na ukapita mrefu juu ya kichwa chake ukatua nyuma, penye zege tupu, mahali hayuko.

Dishon alibusu waya.

"Yakhe, wantembeza!" alisema Muhdhar.

Imtiaz akatikisa kichwa.

Mfupi, mrefu. Mfupi, mrefu. Muhdhar alikwenda na kurudi kama gari la kupakulia makontena, na kila safari alirudi amepungukiwa na kitu: kwanza tabasamu, halafu salamu, halafu pumzi. Seti ya pili ikawa ya Imtiaz. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Waliokuwa barazani walisikia kimya kigeni, wakaja na gilasi zao kuzunguka uzio. Rukhsana alifunga mwavuli.

Seti ya tatu sitaisimulia yote, inaniuma. Nitasema tu kwamba Imtiaz aliongoza, akafikiwa, akaongoza tena, mpaka ikabaki pointi moja. Pointi moja na asingekuwa bai tena. Alisimama kwenye mstari akiudundisha mpira, na ukimtazama uso ungedhani anamsikiliza mtu.

Akasevu. Muhdhar akarudisha. Imtiaz akapiga mfupi. Muhdhar akaja, tumbo, miguu, mdomo wazi, akauchota mpira kutoka ardhini kama mtu achotaye maji kisimani, akaurudisha juu, taratibu, hauna nguvu. Ukatua upande wa Imtiaz, ndani kabisa, mkono mzima kabla ya mstari, ukadunda kimo kizuri. Muhdhar alikuwa amenasa kwenye neti, ameishika ili asianguke. Nyuma yake kiwanja chote kilikuwa kitupu.

Imtiaz aliinua raketi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliiona nafasi isiyo na mteja, na ikampendeza.

"Hodi jamani!" ilisema sauti penye pengo la uzio.

"Karibu!" alisema Imtiaz, akapiga.

Lo, ulikuwa mpira! Ulipita juu ya Muhdhar ukashuka pembeni, palepale ilipokuwa ikitandikwa kanga ya bega. Dishon akaruka juu, akashuka mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Na Muhdhar, ambaye hakugeuka hata kuutazama, aliinua kidole kimoja.

"Ngoja," alisema, akihema. "Ngojani. Amesema karibu."

Makofi yakafa moja moja.

"Alikuwa akimkaribisha Mbodze!" alisema Dishon.

"Mimi sijui alikuwa akimkaribisha nani. Nilipiga mpira, ukatua kwake, akasema karibu. Karibu ni karibu. Mchezo husimama hapo. Kilichopigwa baada yake hakihesabiwi, ni kuoga baada ya eda."

Na sheria, kwa bahati mbaya, ilikuwa upande wake. Ukiuita mpira wa mwenzako nje, mchezo umekwisha kusimama. Kama kweli ulikuwa nje, pointi ni yako. Kama ulikuwa ndani na wewe ukasema nje, umekosea, pointi ni ya mwenzako. Ule mpira mzuri wa pembeni haukuwepo tena. Alfajiri hufuta ndoto nzuri kuliko hizo. Lilibaki swali moja, na mwenye jibu alikuwa mmoja. Zege haliweki alama. Waliokuwa kwenye uzio walikuwa wakimtazama Muhdhar na tumbo lake. Imtiaz angesema ulikuwa nje, mechi ilikuwa yake, na hakuna mwanadamu ambaye angebisha. Hata Muhdhar asingebisha. Sheria ya klabu ni kwamba neno la mwenye upande halipingwi.

Muhdhar aliegemea neti. Akamwuliza kwa upole, sauti ya chini:

"Imtiaz Bhai. Ulitoka, haukutoka?"

Sasa, kila siku ya Mungu, pale Biashara Street, kila mwanamke anayeishika kanga huikunja ncha, huinusa, humtazama Imtiaz machoni na kuuliza swali moja: yatoka, haitoki? Anauliza rangi. Na muuza kanga, awe mkweli awe mwongo, awe amehiji awe hajahiji, jibu lake huwa moja.

"Haukutoka," alisema Imtiaz.

Alipolisikia neno lake mwenyewe, lilikuwa limeshatoka.

Mpaka leo klabu imegawanyika. Wako wasemao ni imani: mtu yule hawezi kusema uongo, alipoulizwa alisema kweli. Wako wasemao ni mdomo wa dukani, ungemwuliza usingizini angejibu hivyo hivyo. Mimi nimekaa nikamtazama usoni mara nyingi akipokea sifa za uaminifu wake, na naweza kuwaambia kwamba yeye mwenyewe hajui. Ndilo linalomla.

"Pointi yangu basi," alisema Muhdhar, na akaanza kurudi nyuma, taratibu, akipata pumzi njiani. "Sheria hiyo, yakhe. Sikuitunga mimi."

Mbodze alikuwa ametua birika. "Jamani, mbona kimya? Viazi vi moto."

Hakuna aliyemjibu. Hata Imtiaz.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Imtiaz alisahau mfupi, akasahau mrefu. Mkono ulirudi nyumbani kwao. Kila mpira ulimfuata Muhdhar pale alipo, kifuani, kimo kizuri, na Muhdhar akaurudisha bila kutembea. Ilipokwisha alimkumbatia Imtiaz kwa dhati, akamwambia, "Leo umecheza, wallahi," na alikuwa hatanii, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Imtiaz alikwenda kununua viazi kwa Mbodze kama kawaida. "Mbona leo hukunikaribisha mara ya pili, Bai?" aliuliza Mbodze. "Umeniacha nimesimama." Akamwambia samahani. Hakuna aliyemweleza mama yule alichokifanya, na naomba anayesoma haya asimweleze.

Njiani, barabara ya Mama Ngina ya ufukweni imejaa watu na mihogo ya kukaanga, Rukhsana alingoja mpaka walipolipita gari la mwisho lililoegeshwa.

"Ungesema ulitoka tu," alisema.

"Najua."

"Mimi niliuona ulikuwa ndani. Nisingesema."

"Najua, Rukhsana."

"Kwa nini basi?"

"Aliuliza kama mteja," alisema Imtiaz.

Raundi ya pili Muhdhar hakucheza. Paja lake lilikuwa limekaza kwa ile nenda-rudi ya kwenye neti, hakuweza hata kupanda ngazi za nyumba yake. Aliyekuwa amepangwa naye akavushwa bila jasho. Kwa hivyo ule mkakati wote, mshiko, miguu, fulana ya Dishon, ulimfaa mtu mmoja ambaye hakuwepo, akapata bai ya kweli. Alinunua soda.

Septemba wakakivunja kiwanja. Dishon aliona zege likibebwa, akaenda semina nyingine, siku hizi ni mwalimu wa padeli na cheti chake kipya kina plastiki nene zaidi. Imtiaz kwa muda akaapa kutosema lile neno. Mteja akipiga hodi, yeye kimya, anatikisa kichwa. Wanawake wakadhani kaugua ulimi, wakavuka barabara hadi duka la pili, mpaka Rukhsana alipokuja kusimama mlangoni mwenyewe na kumwambia kwamba tenisi ishamchukulia mume mmoja, haitamchukulia na duka.

Mwezi uliopita aliingia msichana mmoja, Swafia, amekuja kutafuta kanga za harusi ya dada yake. Ana viatu vya michezo chini ya buibui na raketi ya padeli begani, ile isiyo na nyuzi, kama mwiko wa biriani. Aliweka mzigo wake juu ya meza ya duka, akawa anazungumza kwenye simu.

"Hapana, sina wasiwasi na kesho. Nimepangwa na bai. Eeh, yule hajui hata kushika raketi."

Alipokata simu Imtiaz akamwuliza, bai ni nini.

"Ah, ndivyo tunavyosema klabuni, Baba. Ukipangwa na mtu dhaifu. Sijui neno latoka wapi. La Kizungu, nadhani." Akamtazama, akaona picha ndogo nyuma yake, mtu mwembamba mwenye kaptula nyeupe. "Kumbe nawe ulikuwa mchezaji?"

"Nilicheza tenisi."

"Mashindano?"

"Kila mwaka."

"Mashaallah! Na ulifika wapi?"

Imtiaz alifikiri kidogo.

"Karibu," alisema.

"Ahsante, Baba," alisema Swafia, akavuta kigoda akaketi. "Hebu niteremshie ile ya juu, yenye zambarau."

Imtiaz akanyoosha mkono, akaivuta doti, akairusha. Ikafunguka hewani, ikatua mapajani mwa msichana palepale. Swafia hakunyoosha hata kidole.